Sikukuu ya Vibanda: watu walioitunza nyumbani, kutoka Yerusalemu hadi Lubumbashi na Mbale



Tangu mwisho wa mwezi wa nane napokea swali moja kwa namna nyingi. Wengine wanaliandika kwenye kikaratasi na kukiacha mlangoni pa radio. Wengine wananisimamisha njiani nikitoka sokoni: “Pasta, sisi watu wa Agano Jipya, tufanye Sikukuu ya Vibanda ao tusifanye?” Mama mmoja alinionyesha picha katika simu ya mtoto wake. Ni meza iliyopambwa: kitambaa cheupe, kinara cha matawi saba, bendera ndogo ya Israeli, matunda ambayo hapa Walungu hatuyaoni. Chini ya picha kuna mhubiri mmoja, jina lake siliandiki, ameweka bei ya baragumu na bei ya mafuta ya upako, pamoja na onyo alilolitoa katika Zekaria 14 kwamba nyumba isiyoshika sikukuu hii itanyimwa mvua. Yule mama alikuwa anatafuta mtu wa kununua mbuzi wake.

Mbuzi huyo ndiye aliyenifanya niandike leo.

Nitasema ninavyofikiri, lakini kwanza tupitie historia. Nimegundua kwamba wengi wanaobishana juu ya sikukuu hii, wanaoitaka na wanaoikataa, hawajui inavyofanyika ndani ya nyumba ya Myahudi, wala hawajui kwamba imefanyika miaka mingi katika nchi yetu hii ya Kongo na kwa jirani zetu Uganda.

Mwezi wa saba wa kalenda ya Wayahudi unaitwa Tishri, nao huangukia kati ya mwezi wetu wa 9 na wa 10. Mambo ya Walawi 23 inautaja kwa sikukuu tatu. Siku ya kwanza ni ya baragumu, na leo Wayahudi wanaiita Rosh Hashana, yaani kichwa cha mwaka. Siku ya 10 ni ya Upatanisho, Yom Kipur, siku ya kufunga bila chakula na bila maji tangu jioni moja hadi usiku wa jioni ya pili. Kisha siku ya 15 inaanza Sukot, ndiyo Sikukuu ya Vibanda, siku saba, na siku ya nane ya kufungia.

Kati ya hizo tatu, ya vibanda ndiyo ya furaha yenyewe. Soma Kumbukumbu la Torati 16, mstari wa 13 hadi 15. Mungu hakuagiza furaha ya baba wa nyumba peke yake. Anawahesabu mmoja mmoja: mwana, binti, mtumwa, mjakazi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Kwa hiyo mtu akipamba meza yake vizuri na mjane wa jirani akabaki na njaa, sijui ameshika sikukuu gani.

Sasa kibanda chenyewe. Mnamo mwaka 200 baada ya Kristo walimu wa Wayahudi waliandika mkusanyo wa sheria zao unaoitwa Mishna, na ndani yake kuna sehemu nzima juu ya vibanda tu. Ukisoma unaona watu waliokuwa wakijenga kwa mikono yao. Paa lazima liwe la kitu kilichoota ardhini na kukatwa: matawi, matete, majani. Bati halifai. Ngozi haifai. Shitingi zetu hizi za bluu na nyeupe zisingefaa hata kidogo. Kivuli ndani kiwe kingi kuliko jua, lakini desturi inataka paa liwe jepesi hata nyota zionekane usiku. Kibanda kisizidi urefu wa dhiraa 20. Wanajadili hata mtu aliyejenga kibanda juu ya mti, ndani ya merikebu, au juu ya ngamia! Na mvua ikinyesha, familia ikae humo mpaka lini? Wanajibu kwa maneno ya jikoni: mpaka chakula cha uji kilicho mezani kianze kuharibika. Hapo mnaweza kuingia nyumbani. Tulipofundishwa hayo katika chuo cha Biblia tulicheka sana, kwa sababu kwa mvua ya Walungu ya mwezi wa 10, uji ungeharibika kila siku kabla ya kijiko cha pili.

Mapambo nayo ni ya zamani. Talmud, kitabu kilichofuata Mishna, inataja kibanda kilichotundikwa lozi, makomamanga, vichala vya zabibu na masuke ya nafaka. Tena inaweka sheria kwamba mapambo hayo hayaliwi mpaka sikukuu iishe. Fikiria watoto wako, wamekaa siku saba chini ya matunda, mikono imefungwa. Leo katika nyumba nyingi za Kiyahudi watoto ndio wanaopamba: wanakata karatasi za rangi na kuziunganisha kama mnyororo, wanachora picha, wanaweka matunda kwenye kamba. Baba na watoto wakubwa wanasimamisha nguzo. Mama anapitisha sahani kutoka jikoni hadi nje, mara nyingi, na wote wanakula humo. Kuna pia desturi iliyokuja baadaye ya kuwaalika kwa maneno, kila jioni, wageni wa Biblia kama Abrahamu, Isaka, Yakobo, Musa na Daudi, kana kwamba wanaingia kukaa mezani. Pamoja na kibanda kuna mimea minne inayoshikwa mkononi na kutikiswa: tawi la mtende ambalo halijafunguka, vijitawi vya mihadasi, matawi ya mierebi ya mtoni, na tunda moja la jamii ya limau, kubwa na lenye harufu nzuri, liitwalo etrog.

Lakini sikukuu hii hapo kwanza haikuwa ya nyumbani. Ilikuwa safari. Wanaume wa Israeli walipanda kwenda Yerusalemu, na mji wote ukajaa vibanda. Nehemia 8 inatuonyesha watu waliorudi kutoka utumwa wa Babeli wakitoka kwenda mlimani kuleta matawi ya mizeituni, mihadasi na mitende, wakajenga juu ya madari ya nyumba zao, katika nyua zao na katika nyua za hekalu. Wajukuu wa watu waliohamishwa kwa nguvu, na kazi yao ya kwanza baada ya kusikia Torati ni kujenga vibanda vya ukumbusho wa wazee waliotembea jangwani. Nitarudi hapo.

Wakati wa Bwana wetu Yesu, hekaluni kulikuwa na mambo mawili makubwa katika juma hilo. Kila asubuhi kuhani alishuka kuteka maji katika bwawa la Siloamu, akayaleta na kuyamimina kwenye madhabahu. Ilikuwa kama maombi ya mvua, maana nchi ile haipati mvua wakati wa kiangazi, na ya kwanza inangojewa baada ya sikukuu hii. Usiku waliwasha taa kubwa katika ua wa wanawake, na Mishna inasema tambi zake zilisokotwa kutoka nguo za makuhani zilizochakaa, na watu wachaji wakacheza mbele yake na mienge mikononi. Ndipo unaelewa Yohana 7:37, Yesu anaposimama siku kubwa ya mwisho ya sikukuu na kuwaita wenye kiu, na kwa nini katika sura ya 8 anajiita nuru. Waliokuwa wanamsikia walikuwa wametoka kuyaona maji yale na taa zile. Wahubiri wengi wanaisoma mistari hiyo kana kwamba ilisemwa chumbani.

Mwaka wa 70 Warumi, chini ya Tito, waliliteketeza hekalu. Siloamu ikabaki bwawa tu. Sasa jiulize, sikukuu ya safari inafanya nini ikiwa hakuna tena mahali pa kwenda? Ingeweza kufa. Wayahudi waliihamishia uani kwa mtu, kwenye meza ya familia, na huko ndiko ilikodumu hadi leo.

Kuna ushuhuda mmoja wa jambo hilo ninaoupenda kuliko mingine. Kati ya mwaka 132 na 135 Wayahudi waliasi tena chini ya kiongozi aitwaye Shimoni Bar Kokhba, wakapigwa vibaya. Mwaka 1960 na 1961 mchimbaji wa mambo ya kale, Yigael Yadin, aliingia katika pango karibu na Bahari ya Chumvi na kukuta barua za kiongozi huyo. Nyingi ni amri za vita: mkamate fulani, leteni ngano. Lakini moja ni ya Sikukuu ya Vibanda. Anamwandikia mtu wake kwamba ametuma punda wawili, wapakiwe matawi ya mitende na matunda ya etrog kwa ajili ya kambi, na mihadasi na mierebi itafutwe huko huko aliko. Watu wamezingirwa na jeshi la Roma, chakula hakitoshi, na kamanda anatoa punda wawili wakabebe majani. Mimi niliyekulia katika vita, barua hiyo ilinishika.

Sasa tuje kwetu.

Mwaka 1492 wafalme wa Hispania waliwafukuza Wayahudi wote waliokataa kubatizwa. Baadhi walifika baadaye katika kisiwa cha Rhodes, kwenye bahari kati ya Ugiriki na Uturuki, wakaishi huko miaka mamia wakizungumza Kihispania chao cha zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 kisiwa kilikuwa maskini na vijana wakaanza kutafuta maisha mbali. Mji wa Élisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, ulianzishwa mwaka 1910, mwaka ule ule reli kutoka kusini ilipoufikia. Wayahudi wa Rhodes walikuja kwa njia hiyo kama wafanya biashara, ndugu akimwita ndugu, mpaka wakawa wengi kuliko Wayahudi wengine wote wa Kongo. Mwaka 1930 sinagogi lao lilikuwa limesimama, na liko hadi leo. Mwaka 1937 akaja rabi kijana mzaliwa wa Rhodes, Moïse Levy, naye akakaa na kundi hilo hadi mwaka 1991. Miaka 54 katika kanisa moja, ningesema kwa lugha yetu! Wachungaji tunaohama kila tukikosana na wazee tumtazame huyo.

Chakula cha Wayahudi wa Rhodes kwa mwaka mpya kina mafundisho ndani yake, nami nataka wamama wasikilize hapa. Usiku wa Rosh Hashana wanaleta mezani sahani ndogo ndogo, na juu ya kila moja wanaomba ombi fupi. Kuna tende, kuna puaro, kuna majani ya biti au mchicha, kuna boga, kuna kunde, kuna komamanga, na kichwa cha samaki. Ni desturi iliyotajwa ndani ya Talmud, nayo inatumia sauti za majina. Jina la puaro katika lugha yao linafanana na neno la kukata: basi wanaomba adui zetu wakatwe. Jina la boga linafanana na kupasua: hukumu mbaya juu yetu ipasuliwe. Kunde ni neno la kuongezeka, na ukizimwaga kwenye sahani unaona kwa nini. Komamanga lina mbegu nyingi: matendo yetu mema yawe mengi hivyo. Kichwa cha samaki ni kuwa kichwa na si mkia, kama ilivyo katika Kumbukumbu la Torati 28. Sisi Wapentekoste tunapenda sana mstari huo, lakini hatujawahi kuuweka kwenye sahani.

Ona, basi, vitu vyenyewe. Boga liko nyuma ya jiko lako. Puaro ziko sokoni. Watu hawa hawakuagiza chakula kitakatifu kutoka ng'ambo. Waliwafundisha watoto kuomba kwa kitu kilichokuwa tayari ndani ya sufuria.

Na furaha yao haikuwa ya watu wasiojua machozi. Mwaka 1938 Italia, iliyotawala Rhodes, ilitoa sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi, na wengine wakakimbilia kwa ndugu zao Kongo. Mwezi wa 7 mwaka 1944 Wajerumani waliwakusanya waliobaki kisiwani, zaidi ya watu 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Waliorudi hai ni kama 150. Kwa hiyo mezani kule Élisabethville, sikukuu za mwezi wa 9 mwaka 1944 na 1945, walikaa watu ambao mama zao, baba zao na dada zao walikuwa wamemalizwa. Wengi wao waliondoka Kongo baada ya mwaka 1960, na wengine tena baada ya mwaka 1973, Mobutu alipotaifisha maduka ya wageni. Leo wamebaki wachache sana.

Uganda habari ni nyingine kabisa, maana huko hakuna aliyetoka ng'ambo. Semei Kakungulu alikuwa jemadari Mganda aliyewasaidia Waingereza kuteka mashariki ya Uganda, akitegemea kupewa ufalme. Hawakumpa. Akajitenga nao, akakaa karibu na Mbale, akazama katika kusoma Biblia ya Kiganda. Alipofika kwenye tohara akaamua kwamba agizo halijafutwa. Mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Inasimuliwa kwamba wenzake wa dini walimwambia ukifanya hivyo wewe ni Myahudi, naye akajibu basi mimi ni Myahudi. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha Kiganda cha maombi na maagizo kwa watu wake. Alifariki mwaka 1928. Wafuasi wake wanaitwa Abayudaya. Tafadhali linganisheni miaka: wakati Kakungulu anasoma Walawi kule Mbale, wamisionari Wapentekoste kutoka Norwe walikuwa wakianza kazi hapa kwetu Kaziba. Biblia moja, vilima vinavyofanana, migomba ile ile, na mavuno mawili tofauti.

Mimi siko upande wa Kakungulu. Alikuwa na Wagalatia mkononi, akageuka kurudi kwenye tohara. Hilo naliona ni hasara. Lakini uaminifu wa watu wake unanionea haya. Mwaka 1971 Idi Amin alichukua utawala, na katika miaka yake ibada ya Kiyahudi ilikatazwa. Wengi walihamia ukristo au uislamu. Waliobaki, kama watu 300, waliomba kwa siri ndani ya nyumba zao. Amin alipinduliwa tarehe 11 mwezi wa 4, 1979, na jioni hiyo hiyo ilikuwa mwanzo wa Pasaka ya Wayahudi. Abayudaya hawajaisahau jioni hiyo. Leo wanahesabiwa kwa maelfu. Rabi wao, Gershom Sizomu, alisomea Marekani na kuwekwa wakfu mwaka 2008. Na mwaka 2004 ulianzishwa ushirika wa kahawa pale Mbale ambamo Wayahudi, Wakristo na Waislamu waliuza kahawa yao pamoja.

Kote huko, kambi ya Bar Kokhba, Rhodes, Élisabethville, Mbale, sioni mahali ambapo sikukuu ililindwa na vitu vya kununua. Ililindwa na mtu mzima aliyekaa chini na watoto, akawaambia kwa nini tunakaa nje leo.

Nije kwenye msimu, jambo ambalo wahubiri wa kwenye simu hawalitaji. Kule Israeli, Sikukuu ya Vibanda inakuja ghala zikiwa zimejaa: zabibu zimekamuliwa, nafaka imeingia. Ndiyo maana Kutoka 23 inaiita sikukuu ya kukusanya. Hapa Walungu mwezi wa 9 ni nini? Ndio tunalima na kupanda maharagi. Mbegu inatoka mfukoni, haijarudi. Ada za shule ni hapo hapo. Ni majuma ambayo wamama wengi wanapika bugali mara moja kwa siku. Kumwambia mtu wa hapa anunue mapambo na baragumu mwezi wa 9 kwa ajili ya sikukuu ya mavuno ni kumdai kodi ya shamba ambalo hajavuna. Neno moja tu linafanana kwetu na kwao: sisi pia tunatoka kiangazi, sisi pia tunatazama mawingu.

Kuhusu Zekaria 14, nabii anasema juu ya mataifa yatakayobaki siku ya Bwana. Hasemi juu ya nyumba ya mjane wa Walungu, na hana bei ya kitu chochote. Paulo katika Wakolosai 2:16 na 17 anakataza mtu kutuhukumu kwa ajili ya sikukuu, kwa kuwa hizo ni kivuli, na mwili ni wa Kristo. Katika Warumi 14 anamwachia kila mmoja awe na hakika katika akili yake. Basi si lazima. Anayesema ni lazima anarudisha kongwa. Lakini pia si dhambi kujifunza, na asiyetaka asimcheke anayetaka.

Ningemalizia hapo, lakini ninayo deni ya kusema ukweli juu yangu mwenyewe.

Miaka mitatu iliyopita vijana wa kanisa letu waliomba ruhusa ya kujenga kibanda nyuma ya kanisa, watoto wa masomo ya Jumapili waone. Niliwaruhusu haraka, nikiwaza ni mafundisho mazuri. Walisimamisha miti, wakaweka kuta za matete na paa la majani ya migomba. Watoto walikata kurasa za madaftari ya zamani wakafanya minyororo, wakatundika mahindi, avoka na maganda ya maharagi. Wamama walileta bugali, sombe, viazi vitamu na ndagala. Kwa kweli kilikuwa kizuri.

Wote wakaingia. Mama mmoja mzee akabaki amesimama nje, mgongo kwenye ukuta wa kanisa. Nikamwendea: “Mama, karibu ndani, chakula kinapoa.”

Akanijibu taratibu: “Pasta, nyumba ya majani mimi naijua. Nililala ndani yake miezi minne. Mtoto wangu wa tano alizaliwa humo, na humo ndimo tulimwacha. Mimi siingii.”

Wasomaji wa hapa hawahitaji nieleze miezi minne gani. Vita ya mwaka 1996, ya 1998, na ile miaka ya 2004 hadi 2007, watu wa Kaniola na vijiji vilivyo karibu na msitu walipokuwa wakilala porini kwa hofu ya wenye silaha waliokuja usiku. Kila nyumba ina miezi yake. Mimi mwenyewe nilikuwa kijana, nilibeba godoro kichwani. Na bado niliwajengea watoto kibanda cha jangwa la Sinai, nikawatundikia mahindi, bila kukumbuka kwamba nusu ya kanisa limewahi kuishi chini ya majani, na halikuwa pambo.

Niliona aibu, na sikujua la kufanya. Aliyejua ni mjukuu wake, msichana wa miaka kama 11. Alitoka na sahani yake, akakaa chini miguuni pa bibi yake, akamwuliza: “Tate, mtoto huyo aliitwa nani?” Hakuwa amewahi kusikia kwamba kulikuwa na mtoto huyo. Watoto wengine wakatoka mmoja mmoja na sahani zao, kisha wamama, na kibanda kikabaki kitupu na minyororo yake ya karatasi. Mama alisimulia mpaka giza. Alitaja mto walioufuata, majani waliyochemsha bila chumvi, na mtu wa kabila lingine aliyewapa sufuria na hakurudi kuidai. Jina la mtoto alilitaja mwishoni.

Usiku huo nilifungua tena Walawi 23:43, ambapo Mungu anaeleza sababu ya vibanda: vizazi vijavyo vijue. Nehemia na watu wake walitoka katika kuhamishwa, wakajenga. Nilikuwa nimehubiri mistari hiyo mara nyingi. Sikuwa nimeuliza watoto wetu wanajua nini juu ya vibanda vya baba na mama zao, na katika nyumba yangu mwenyewe jibu lilikuwa: hawajui kitu. Nilikuwa sijawaambia hata habari ya godoro.

Tangu mwaka ule hatujajenga kibanda tena. Jioni moja ya mwezi wa 10, mvua ikiruhusu, kila anayetaka anaketi nje na familia yake, anapika alichonacho, anamwita mjane au mgeni aliye karibu, na mzee mmoja anasimulia. Hatuiiti jina lolote. Mwaka jana mzee mmoja alikataa kusimulia, akaimba tu, na hilo pia tulilipokea.

Yule mama wa picha ya simu nilimwambia asiuze mbuzi. Alisema atafikiri.

Na kibanda cha siku ile tulikibomoa kesho yake asubuhi. Majani walikula mbuzi wa jirani, minyororo watoto waligombania, na miti tuliwagawia wamama wakashikizie maharagi.